Pipa la Tatu

Mtu wa lori hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinyonya pipa la kwanza kwa pampu yake ya mkono, akanyonya la pili, kisha akafika kwenye la tatu, akafungua kizibo, akainama kunusa, na papo hapo akarudisha kichwa nyuma. Alichana kipande cha boksi, akakichovya humo, akaenda nacho mpaka karibu na geti, mbali na kila kitu, akakiwashia kiberiti. Boksi lililochovywa kwenye mafuta machafu ya injini hushika moto kwa uvivu, tena kwa moshi mweusi. Hili liliwaka puu, hata mwenyewe akalitupa chini na kuruka pembeni.

"Mama, pipa hili sichukui," alisema huku akikanyagakanyaga moto.

"Hulichukui kwa nini? Si mafuta yale yale?"

"Yale yale wapi? Humu mmetia thina ya kusafishia rangi. Tena si ya kulamba, ni ya kuogelea."

Aliyeambiwa hivyo alikuwa mke wa Fundi, mshonaji, ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano. Wengine walisema ni kwa sababu ya kazi yake, wengine kwa sababu ya ulimi wake, na yeye hakuwahi kuwauliza. Siku hiyo mumewe alikuwa ameitwa kufufua gari lililozimika barabarani, akamwachia yeye kusimamia kutolewa kwa mafuta machafu, kazi ambayo ilitakiwa kuwa nyepesi kuliko kupinda suruali. Alisimama na utepe wa kupimia shingoni, hasira zikimpanda taratibu na hajui amkasirikie nani.

"Kule tunakoyapeleka," mtu wa lori aliendelea, safari hii kwa upole, "mafuta yanachemshwa, yanasafishwa, yanatumika tena. Nikiwapelekea yenye thina, mtambo unalipuka na watu wake. Halafu mimi nitamwambia nani nini?"

"Na mimi nitalipeleka wapi?"

"Ziko tanuri za kuchomea saruji. Zile hazichagui, zinachoma hata haya. Lakini hawapokei pipa mojamoja, wanataka lori lijae. Nikusanyie mapipa kumi ya namna hii, uniite, nakuja siku hiyohiyo."

"Mapipa kumi niyatoe wapi, baba? Nimeolewa na gereji moja tu."

Mtu wa lori alicheka, akakunja mpira wa pampu yake, akaondoka. Gari lake lilipotoka getini, juu kwenye dirisha la ghorofa pazia lilisogea. Mwenye nyumba, ambaye hata waliomzidi umri walimwita Bi Mkubwa, alikuwa anaangalia. Siku chache nyuma alishuka ngazi mwenyewe, jambo alilolifanya kwa msiba au kwa kodi tu, akasema maneno yake machache: wapangaji wanalalamikia harufu, uwanja ni wa watu wote, mapipa yote matatu yatoke kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo watoke wenye mapipa. Na kwa Fundi na Sindano kutoka pale hakukuwa kuhama chumba tu. Uwanja ule ndio ulikuwa gereji, kibarazani pale ndipo palipokaa cherehani, na wateja wa wote wawili walikuwa wameizoea njia. Kutoka pale kulikuwa kumwaga unga wa nyumba nzima.

"Naona limebaki moja," Bi Mkubwa alisema kutoka juu.

"Limebaki, Bi Mkubwa. Litaondoka."

"Lini?"

"Litaondoka," Sindano alirudia, akaingia ndani kabla ulimi haujamponza.

*

Fundi aliporudi jioni alilizunguka pipa lile kama mtu anayetafuta mlango. Katika mtaa ule wa gereji yeye peke yake ndiye aliyekuwa akihifadhi mafuta machafu badala ya kuyamwaga, na wenzake walimcheka kwa hilo mpaka wakachoka. Alikuwa akilisubiri lori kwa hamu, auonyeshe mtaa kwamba hakuwa mjinga.

"Nani?" aliuliza. "Nauliza, nani ametia thina humu?"

Swali lenyewe lilikuwa la kupoteza muda. Uwanjani mle mtu wa thina alikuwa mmoja tu. Mdogo wake Fundi, ambaye hata mama yake alikuwa amezoea kumwita Rangi, alipiga rangi magari kwenye kona ya banda, na kila alipomaliza aliiosha bunduki yake ya kupulizia kwa thina. Alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, sahani ya chakula mapajani.

"Mimi," alisema, akaendelea kutafuna.

"Wewe! Na unasema hivyo mdomo umejaa!"

"Kaka, pipa limeandikwa MAFUTA MACHAFU. Thina yangu ilikuwa chafu. Ningetia wapi, kwenye mafuta masafi?"

"Kwani thina ni mafuta?"

"Kwani ni chai?"

Fundi alimwendea mdogo wake kwa namna ambayo sahani isingebaki mapajani. Sindano akawahi kusimama katikati.

"Mwache. Mimi ndiye niliyemwambia."

Rangi aliangalia chakula chake. Sindano alimwona, akajua kwamba kijana yule angekubali kupigwa kuliko kumtaja shemeji yake, na hilo likamzidishia hasira, kwa sababu sasa ilimbidi amshukuru pia.

"Alikuwa anaimwaga pale karibu na bomba," alisema. "Nikamwambia, shemeji, usimwage chini, watoto wanacheza hapo, tia kwenye pipa. Akatii. Mtu huyu tangu azaliwe hajatii neno la mtu, na siku aliyotii ndiyo hiyo."

"Ulimwambia wewe."

"Nilimwambia mimi."

"Mke wangu mwenyewe. Pipa zima."

"Nilidhani uchafu ni uchafu. Uliwahi kuniambia kwamba uchafu nao una makabila?"

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungenijibu? Nikikuuliza habari za gereji si unaniambia mama watoto, endelea na cherehani yako?"

Fundi alijua ndivyo alivyokuwa akisema, na kwa sauti hiyohiyo. Akakaa chini kwenye ngazi, akashika tama. Sindano alirudi kibarazani kwake, akavuta kitambaa mezani, na kwa muda hakuweza hata kutunga uzi. Lililomkata maini si kwamba alikuwa amekosea. Angekosea kwa uzembe angejilaumu, yakaisha. Yeye alikuwa amefanya jambo jema, kwa nia njema, kwa sauti ya juu kabisa, na jambo jema hilo ndilo lililokuwa limekaa pale uwanjani likinuka.

*

Asubuhi alivaa gauni lake la kwendea harusini, akatia mafuta kidogo ya pipa lile ndani ya chupa, akaenda ofisi ya serikali inayoshughulika na mazingira. Alidhani wakiona kwa macho wataelewa haraka. Mlinzi wa getini alinusa hewa kabla hajamsalimu.

"Hiyo chupa huingii nayo."

"Sawa. Nishikie."

"Mimi siishiki."

"Basi niiweke hapa ukutani."

"Hapa ukutani ni ofisini."

Hivyo Sindano akasimama nje ya geti na chupa yake mkononi, na jua likapanda, na watu waliokuja kwa shida zao nyingine wakampita kwa mbali, mmoja akishika pua waziwazi bila hata aibu. Saa ya chakula cha mchana ofisa mwenyewe akatoka na gari. Mlinzi akamnong'oneza. Ofisa akashusha kioo, kidogo tu.

"Kumwaga mafuta ya namna hiyo ni kosa, mama. Faini yake si mchezo."

"Ndiyo maana nimekuja, mheshimiwa. Sitaki kumwaga. Naomba nionyeshwe pa kupeleka."

"Unampa wakala aliyesajiliwa."

"Amekuja, amelikataa pipa langu."

"Basi kaa nalo mpaka apatikane mwingine."

"Mwenye nyumba ananifukuza nalo."

Ofisa alikuna kidevu. "Halafu hilo la kukaa nalo, umenikumbusha. Kuweka vitu vya hatari kwenye makazi ya watu bila kibali, nalo ni kosa."

"Kwa hiyo nikimwaga nina kosa, nikikaa nalo nina kosa."

"Ndivyo sheria inavyosema."

"Na sheria inasema niliweke wapi? Kichwani?"

"Mama, usiwe mkali. Mimi hapa nakuelimisha."

Kioo kikapanda. Ofisa akaenda kula. Mlinzi akamshauri Sindano ajaribu jengo la pili, na jengo la pili wakamwambia hilo ni la watu wa usafi, na watu wa usafi wakamwambia wao wanazoa taka ngumu na hiyo yake ni ya maji, na mchana ule wote akapigwa danadana kutoka korido hadi korido, mpaka akafika kwa zimamoto. Zimamoto walikuwa na adabu kuliko wote. Walimpa kiti, wakamsikiliza mpaka mwisho, wakamwambia awaite likishika moto.

*

Ikabaki njia ya mapipa kumi. Sindano alijipiga moyo konde, akaanza kupita gereji moja baada ya nyingine, akiwaeleza mafundi habari za tanuri za saruji. Kila mmoja alikuwa akiosha vyuma kwa petroli, akitoa mafuta ya breki, akibadilisha oili za gia. Uchafu wa mtaa ule ungejaza malori, si lori. Alihesabu kwamba mpaka jioni atakuwa ameyapata mapipa yake na ya akiba.

Gereji kubwa kuliko zote ilikuwa ya Kipara, mtu mnene mwenye kicheko cha kukopesha watu. Alimkaribisha Sindano kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, akamsikiliza huku akipangusa mikono.

"Mapipa kumi ya mchanganyiko? Sindano, sisi hapa hatuna hata kopo."

"Na hiyo mnayoitoa kwenye magari kila siku inakwenda wapi?"

Kipara alinyanyua kidole chake cheusi, akaonyesha mbingu. "Tunasubiri mvua."

Mafundi waliokuwa chini ya magari wakacheka huko huko chini. Na Sindano, ambaye alikuwa ameishi kwenye mtaa ule miaka yote hiyo, akawa kama ndiyo kwanza anaambiwa, ingawa alikuwa ameona mwenyewe. Mawingu yakikusanyika, madebe yanapangwa kando ya mtaro. Ngurumo ya kwanza ikilia, yanainamishwa yote kwa pamoja. Mvua ikikatika mtaa unameta kama sahani iliyooshwa, na hakuna aliyemwona mwenzake, kwa kuwa nani atasimama kwenye mvua kuangalia watu wanamwaga nini?

"Mvua ndiyo lori letu," alisema Kipara. "Haliulizi kama umetia thina."

"Na mtaro unapeleka wapi?"

"Unapeleka chini."

"Chini ndiko nilikozaliwa. Mama yangu yuko huko mpaka leo."

"Basi msalimie," alisema Kipara, si kwa ubaya, na hapo ndipo kicheko cha chini ya magari kilipozidi.

Sindano aliondoka na uso unamwaka. Bondeni walikuwa na jina la maji yale, waliyaita mvua za mafundi, na utotoni yeye na wenzake walikuwa wakishindana kuokota rangi zake kwa vijiti. Sasa alikuwa mke wa fundi na akili yake ikagota kwenye jambo moja ambalo halikumtoka tena. Kwa kuwa wote wanamwaga, yule asiyemwaga hana wa kujaza naye lori. Laiti mumewe angekuwa mchafu kama wenzake, leo wangekuwa na uwanja safi na mwenye nyumba mwenye furaha.

Njiani seremala alimsimamisha. Alikuwa amesikia kuna mafuta ya bure, akayataka ya kupaka nguzo zisiliwe na mchwa. Sindano akamwambia yana thina. Seremala akaitoa sigara mdomoni polepole, akaizima kwa vidole, akasema atafikiria.

*

Mvua ilikuja alasiri, mwezi ukielekea mwisho. Kabla haijaanza, upepo uliinua vumbi la mtaa mzima, na madebe yakaanza kulia huku na huku yakiburutwa. Bi Mkubwa alishuka ngazi na mwavuli. Hakukuwa na msiba.

"Fundi," alisema, akiangalia juu na si kwa Fundi, "mvua hiyo inakuja."

"Naiona, Bi Mkubwa."

"Nyinyi ni wapangaji wazuri. Sipendi kuona mtu mzuri anahangaika." Akalitazama pipa, akatazama geti, akapanda zake juu. Kumwambia mtu amwage hakumwambia, na mahakamani angeweza kuapa.

Fundi alimwita mdogo wake. Wakalilaza pipa, wakaanza kulisukuma kuelekea mtaroni, lile likinguruma tumboni. Sindano aliacha cherehani, akawafuata.

"Baba watoto."

"Usianze."

"Sijaanza. Nakuita tu."

"Nimefanya kila kitu!" Fundi aligeuka, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuchoka kabla ya kugombana. "Nimeweka mapipa, nimechekwa. Nimeita lori, limekataa. Wewe umekwenda mpaka serikalini, umesimamishwa juani kama mwizi. Nani mwingine mtaa huu amehangaika hivi? Hata mmoja! Wote wanalala. Mimi peke yangu ndiye nifukuzwe nyumba kwa ajili ya usafi?"

Sindano alijua kila neno lilikuwa kweli. Alitaka kumwambia kwamba anamwonea huruma, ikamtoka hasira.

"Kuna mama yangu kule."

"Mama yako hanywi maji ya mtaro. Anachota bombani siku hizi."

"Anayakanyaga. Yanamwingilia mlangoni. Unajua yanamwingilia, kiti chake ulikitengeneza mwenyewe miguu ya mbao ilipoliwa na maji."

"Mvua itayachukua."

"Iyapeleke wapi?"

Tone la kwanza likapiga juu ya pipa, tang, kisha mengine. Mtaani kote watu walikuwa wameshainama.

"Haya, mwaga," alisema Sindano. "Sikuzuii, nyumba hii ni ya wote wawili na uamuzi ni wako pia. Ila mimi nashuka kwa mama. Mtu wa kuyapokea awepo."

Akajifunika kanga kichwani, akaondoka kwa miguu kando ya mtaro, mvua ikimpiga mgongoni. Rangi alimwita, "Shemeji! Shemeji, utaumwa!" Hakugeuka.

*

Mama yake alikuwa ameshapandisha magodoro juu ya meza. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyependa kuulizwa kama anahitaji msaada. Alimwona binti yake ameloa chapachapa mlangoni, akampa mfagio.

"Umegombana na mumeo?"

"Hapana. Ndiyo."

"Sukuma maji kwanza."

Wakasimama kwenye kizingiti, wakisukuma. Maji yalikuja ya kahawia, kisha yakaja na utando. Zambarau, kijani, dhahabu, yakizunguka miguu yao. Sindano aliyatazama, akainama, akayanusa. Alikuja akidhani atayajua. Alidhani mafuta ya nyumba yake yakipita atayatambua, kama mtu anavyoitambua nguo aliyoishona mwenyewe. Lakini yalikuwa ya kila mtu, yamechanganyika, hayana jina wala uso, na yeye akiwa amesimama ndani yake hakuweza kujua kama mumewe amemwaga au hakumwaga. Akaanza kulia kwa hasira. Mama yake akamwacha alie, ila akamwonyesha pembe ambayo maji yalikuwa yakipita.

Mvua ilipokatika Sindano alipanda tena. Mtaa wa mafundi ulikuwa unameta. Kando ya mtaro, mbele ya geti lao, Fundi alikuwa amekaa juu ya pipa, ameloa mpaka mifupa, kizibo kimefungwa chini yake. Rangi hakuwepo.

"Halijamwagwa," alisema Fundi bila kumtazama.

"Naona."

"Nilifungua. Nikakiangalia kile kitu kinavyotoka, kidogo tu, kwenye kiganja. Nikakuona unavyokwenda." Akapangusa uso. "Umenipotezea nyumba, unajua?"

"Najua."

"Basi usiseme hukujua."

Sindano akakaa naye juu ya pipa, nafasi ilikuwa ndogo, wakabanana. Hakuna aliyemshukuru mwenzake. Wote wawili walikuwa na hasira mno kwa hilo.

*

Bi Mkubwa hakupiga kelele. Alisema tu kwamba ameahidi wapangaji wenzao na hawezi kula maneno yake. Uwanja ulipata mpangaji mwingine upesi, kijana aliyejifunza kazi kwa Kipara, fundi mwenye mikono myepesi ambaye hakuwa na pipa hata moja. Bi Mkubwa alimsifu kwa usafi wake kwa kila aliyetaka kusikiliza. Rangi akabaki naye pale pale kwenye kona yake ya banda, kwani magari ya kupiga rangi hayahami na fundi. Siku ya kuhama alikuja kubeba cherehani, akaibeba peke yake mpaka bondeni, hakusema neno ila "samahani, shemeji," tena kwa sauti ya chini.

Pipa walilipakia mwisho kwenye mkokoteni, katikati ya kitanda na masufuria. Mvuta mkokoteni aliuliza limebeba nini, akaambiwa, akauliza kwa nini hawakulimwaga tu. Fundi alimtazama mpaka akageuza uso.

Kwa mama mkwe walipewa chumba cha nyuma, na Fundi, mtu mzima mwenye watoto, akaanza kuinama kila alipopita mlango wa ukweni. Kazi ilikuwa haba. Magari hayashuki bondeni bila sababu. Mchana alikaa chini ya bati alilolijengea pipa, amelipandisha juu ya matofali, amelipangusa, akikagua chini yake kama linavuja. Wateja wa Sindano nao walikuwa wakisema watakuja, watakuja. Kila jioni Fundi alinawa mikono iliyokuwa safi tangu asubuhi, na mkewe akajifanya hamnazo.

Halafu mvua ikanyesha.

Ilianza mchana, na haikuwa hata kubwa. Fundi alikuwa mlangoni, mfagio mkononi, akimsaidia mama mkwe kwa adabu zote. Yakaja maji ya kahawia, akayasukuma. Ukaja utando. Akasimama. Akachovya kidole, akakipeleka puani.

"Hii ni oili ya gia boksi," alisema.

Sindano alimtazama.

"Na hii, hii ni ya breki. Kipara huyu. Leo lazima amebadilisha breki za lori, mafuta bado mabichi, ameyamwaga kwa uvivu wake." Alikuwa ameinama sasa, pua yake karibu na maji, akitafuta ya nani na ya nani, akiwataja wenzake wa miaka mingi mmojammoja. Kisha ukaingia mlangoni mstari wa buluu, mwembamba, unaonuka kupita yote, ukazunguka mguu wa kiti cha mama mkwe. Fundi akanyooka polepole.

"Ile gari ya buluu," alisema. "Wiki yote hii anapiga rangi gari ya buluu, niliiona nilipopita. Hii ni thina ya mdogo wangu!"

"Huna uhakika."

"Nimemlea mwenyewe! Nimemfundisha kushika bunduki ile mwenyewe! Na anajua nani anakaa huku. Anajua! Cherehani yako aliileta kwa bega lake mwenyewe!"

Akachukua beseni la mama mkwe, akalizamisha kwenye kizingiti, akalijaza maji yale yenye mafuta, akatoka nayo kwenye mvua. Hakuvaa hata viatu. Wanawake wawili wakasogea mlangoni wakamtazama anavyopanda kilima.

"Mwanangu, mumeo anakwenda wapi na beseni langu?"

"Anawarudishia mafundi mafuta yao."

"Watayapokea?"

"Nani ayapokee, mama?"

Mama yake alifikiri kidogo. "Basi atayamwaga huko njiani."

Sindano aliendelea kutazama. Njia ilikuwa tope na utelezi, na Fundi alikuwa akipanda kwa hatua ndogondogo, beseni amelikumbatia kifuani kwa mikono miwili, akitukana kwa sauti, na kila alipoteleza alisimama kwanza mpaka maji yatulie, lisidondoke hata tone.

"Hamwagi," alisema. "Atarudi nayo."

Akampa mama yake mfagio, akaingia jikoni kutafuta ndoo yenye mfuniko.